Taa za tela langu na ile kopi nyeusi

Nakodisha mahema na viti hapa Moshi, na mzigo wote hupanda kwenye tela dogo nyuma ya pikapu. Taa za tela kwangu si urembo. Desemba, watu wakishapanda kutoka Dar na sherehe zimefululizana, saa nne ya usiku bado niko barabarani nateremka na viti, na nyuma yangu kuna dereva ana haraka zake.

Basi kabla ya msimu nikanunua seti mpya kwenye duka moja la spea mjini. Taa zenyewe sina neno nazo. Neno ninalo na karatasi.

Kwenye boksi hamkuwa na maelekezo, nikaomba. Kijana wa kaunta akavuta droo, akanipa kopi. Jamani, mchoro wa rangi za waya, umetolewa kopi nyeusi na nyeupe! Mistari saba, yote myeusi, imejikunja kama nywele zilizobaki kwenye chanuo, na pembeni maandishi ya Kichina. Nikamuuliza, "Mwanangu, hapa waya wa njano ni upi?" Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Mama, fundi wako atajua."

Fundi wangu wa Pasua aliiangalia ile karatasi, akaigeuza, akafutia grisi ya mikono. Akaunga kwa mazoea. Pale gereji taa ziliwaka, nikalipa, nikaondoka nikijisifu.

Safari ya kwanza tu ya usiku, natoka Machame na viti 300, sijafika mbali na Kwa Sadala trafiki akanisimamisha. "Mama, ukikanyaga breki indiketa inawaka. Unasimama au unakata kulia?" Nikabisha. Akaniambia nishuke nitazame, mwenzake akakanyaga breki. Aibu. Taa za nyuma zilikuwa zimefifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta, na indiketa ya kulia inakonyeza yenyewe. Faini 30,000. Nikaendelea kushuka huku namtukana yule kijana wa dukani kimoyomoyo, na kila kona nikiangalia kwenye kioo naona taa zinapata nguvu, nikinyoosha barabara zinafifia tena. Nikasema hili tela lina jini.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa maneno machache, aliniweka kwenye usukani. "Breki! Achia. Kushoto! Achia." Yeye nyuma na testa yake. Balbu hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye waya mweupe, ule wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, uliokuwa umefungwa kwa bolti juu ya chesisi yenye rangi nene. Rangi haipitishi umeme. Umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi unapita kwenye taa ya jirani, ndiyo maana indiketa ilikuwa inajibu breki. Na kwenye kona, alisema, ndoano ya tela ilikuwa inakaza chuma kwa chuma, umeme ukapata kichochoro. Akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga bolti, akapaka grisi juu. Dakika kumi hazikufika.

Kisha akaomba karatasi. Nikampa kwa madaha, nikitegemea aicheke. Akaweka kidole pale chini, chini ya lile doa la grisi: kamchoro ka bolti na brashi ya waya inakwangua rangi. Kitu pekee kwenye ukurasa mzima ambacho hakikuhitaji rangi kusomeka, na mimi niliyeizungusha karatasi hiyo Moshi nzima nikiilalamikia sikukiona. Nikanywea. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba duka halina kosa, nilimwonea mtoto wa watu.

Laiti nisingerudi dukani! Nilifuata kava ya taa moja iliyopasuka. Natoa hela, naangalia chini, na chini ya kioo cha kaunta kuna karatasi ileile, yenyewe halisi, ya rangi, na mtu ameandika kwa peni kwa Kiswahili: njano kushoto, kijani kulia, nyekundu breki, nyeupe ethi. Imekaa hapo mpaka kingo zimekuwa kahawia. Kiwiko cha yule kijana kiko juu yake.

"Mbona siku ile hukunionyesha hii?"

"Mama, uliomba karatasi ya kuondoka nayo. Hii hatutoi."

Nimeuliza njano ni upi, jamani! Kwa hiyo taa kanunueni hapo kama mnataka, ni nzuri, zangu hazijaingia maji hata tone. Au msinunue, maana nikimkumbuka yule mtoto presha inapanda. Nilitoa simu kupiga picha, naye akaendelea kuchati.

"Toa kiwiko, mwanangu."

Alikisogeza kidogo. Waya wa bluu mpaka leo sijui unakwenda wapi.