Sindano ya goti au fizio? Swali moja ambalo daktari hakuniuliza

Sindano yenyewe sina ugomvi nayo. Kinachoniuma mpaka leo ni swali ambalo halikuulizwa: "Mama, una sukari?" Maneno matatu tu. Faili langu lilikuwa mezani, limefungwa, simu ya daktari iko juu yake. Nilisema ningependa kuanza na fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Akajibu bila kuinua macho: "Fizio ni ya waliopooza, mama. Wewe goti limesagika. Panda kitandani." Nikapanda. Haikufika dakika tano, nimeshachomwa na nimeambiwa nirudi baada ya miezi mitatu kwa nyingine.

Usiku wa siku ya pili kipimo changu cha sukari cha nyumbani kilisoma 18. Mimi kwa kawaida nacheza kwenye 7 na 8.

Hilo si jambo la ajabu, na ndiyo maana limenikasirisha hivi. Dawa wanayochoma ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mara nyingi Depo-Medrol au triamsinoloni, miligramu 40, wakati mwingine 80, ikichanganywa na dawa ya ganzi. Haibaki yote gotini. Sehemu yake huingia kwenye damu, ini likaanza kumwaga sukari na insulini ikapungua nguvu. Kwa mwenye kisukari namba hupanda ndani ya saa chache na huweza kukaa juu siku kadhaa, hata wiki. Mgonjwa akiambiwa mapema anapima asubuhi, kabla ya kula na kabla ya kulala, na anajua ni namba gani ikifika ampigie simu mtu wa kliniki ya sukari. Na kama sukari haijatulia kabisa, sindano ingoje. Goti lililosagika kwa miaka haliharibiki kwa kusubiri wiki mbili.

Yapo na maswali mengine ambayo sikuulizwa. Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Una homa, jipu au kidonda karibu na goti? Umepangiwa kubadilishiwa goti hivi karibuni? Hili la mwisho ni zito, kwa sababu sindano ya steroidi ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huo huongeza hatari ya goti jipya kupata usaha.

Na ufundi wenyewe una mambo yake. Goti likiwa limejaa maji, maji hutolewa kwanza na kutazamwa: yakiwa ya manjano na maangavu, sawa, yakiwa na ukungu au usaha, hakuna kuchoma steroidi, yanapelekwa maabara. Mguu unyooshwe, paja lilegezwe, sindano iingie pembeni upande wa nje, usawa wa ukingo wa juu wa kifuniko cha goti. Dawa inatakiwa kuteremka kirahisi. Ukiona daktari anasukuma bomba kwa nguvu, ncha imekwama kwenye nyama au mafuta, na anapaswa kusogeza, asilazimishe. Dawa ikivujia chini ya ngozi, ngozi hupauka na mafuta ya pale huliwa. Mimi ninalo doa hilo, jeupe, lenye shimo dogo katikati, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Kwenye ngozi yetu nyeusi linaonekana kutoka mbali. Huweza kuchukua miezi mingi kurudi, na kuna wengine halirudi vizuri. Nani aliniambia? Hakuna.

Lakini sitasema uongo kwa sababu nina hasira. Sindano ilifanya kazi. Siku mbili za kwanza goti liliuma zaidi, jambo ambalo hutokea, kisha likatulia. Nikashuka daladala bila kushika mlango. Nikachuchumaa chooni. Kwa wiki tano hivi nilijiona nimepona, na kama ningeandika haya wakati ule ningeipa nyota zote tano na kumwombea yule daktari dua.

Wiki ya sita maumivu yakarudi palepale. Ilikuwa lazima yarudi: steroidi hupoza utando wa ndani ya goti uliovimba, basi. Paja liko dhaifu vilevile, uzito uko vilevile, mguu unaegemea ndani vilevile. Na kurudia-rudia kuna gharama. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 140 wenye magoti yaliyosagika: nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Waliochomwa steroidi gegedu lao, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini, lilipungua zaidi, na maumivu hayakutofautiana kwa maana yoyote na ya wenzao wa maji ya chumvi. Mtu anayenipangia sindano kila miezi mitatu kama huduma ya gari alipaswa kuujua utafiti huo kuliko mimi.

Ulinganisho wa moja kwa moja upo pia, wa mwaka 2020, uliofanywa kwenye hospitali mbili za jeshi la Marekani. Watu 156 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa, wengine sindano, wengine fizio. Walipimwa kwa mizani ya alama 0 hadi 240, nyingi zikiwa mbaya, wote wakianzia kwenye mia na kitu. Baada ya mwaka mmoja kundi la sindano lilikuwa kwenye 55.8, la fizio 37. Angalieni vizuri: hata wa sindano walipata nafuu. Ila wa fizio walipata kubwa zaidi, na bado walikuwa nayo mwaka ulipokwisha. Hiyo ndiyo tiba niliyoambiwa ni ya waliopooza!

Basi fizio ishinde? Ngojeni. Fizio ya kwanza niliyopelekwa, nayo ilinichefua. Nililazwa, nikawekewa taa nyekundu dakika kumi, kisha vile vipande vya umeme dakika kumi na tano, mhudumu akaenda zake. Mara sita hivyo hivyo, nauli ya kwenda na kurudi, foleni ya asubuhi nzima. Hakuna aliyegusa paja langu wala kuniambia simama nikuone unavyotembea. Taa na umeme hupunguza maumivu kwa saa chache, haviongezi nguvu hata chembe. Ukikuta fizio ya namna hiyo, afadhali hata sindano. Ndiyo, nimesema.

Fizio ya kweli inakutoa jasho. Dada niliyempata baadaye, mahali pengine, alianza kwa kunikalisha kwenye kiti na kusema, "Mama, simama bila mikono." Goti langu likaingia ndani kama linatafuta mwenzake. Akaweka kidole kwenye nyonga: "Tatizo linaanzia hapa pia." Misuli ya pembeni ya nyonga ikilegea, paja linazungukia ndani na uzito wote unaangukia upande mmoja wa goti, palepale palipokwisha.

Mazoezi yenyewe ni haya. La kwanza, kaa mguu umenyooka, taulo lililokunjwa chini ya goti, ulikandamize kwa kukaza paja, sekunde 5 hadi 10, mara kumi. Linalofuata, lala chali, goti la pili limekunjwa, nyanyua mguu ulionyooka kiasi cha sentimita 30, ushushe polepole. Ukiuacha uanguke umepoteza nusu ya faida. La nyonga ni kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu, kisigino kikirudi nyuma kidogo, kwa sababu kikija mbele unatumia misuli mingine kabisa.

Kubwa lao ni kukaa na kusimama. Kiti cha kama sentimita 45. Kikikushinda, ongeza mto. Wala si aibu. Miguu upana wa nyonga, magoti yaelekee vidole vya miguu, ushuke kwa kuhesabu tatu, usijitupe. Mara kumi, pumzika dakika moja, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Likiwa jepesi, toa mto, kisha shika dumu la lita tano. Ndipo unaingia kwenye ngazi: kidato kifupi cha sentimita kumi kwanza, unyayo wote ukanyage, usijisukume na mguu wa chini.

Wengi huacha kwa sababu ya maumivu, na hapa wataalamu hawaelezi vya kutosha. Maumivu mpaka tano kati ya kumi wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, punguza idadi, usiache. Na msitegemee wiki mbili. Paja huanza kubeba goti baada ya wiki sita hadi nane. Kama una uzito wa kupunguza, kila kilo moja inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Hilo ndilo lililonifanya niache vitumbua vya asubuhi, si vitisho vya mtu.

Kuna na wale wa sindano za damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine, wanaziuza kwa bei ya kutisha. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021, watu 288, sindano tatu za kila wiki dhidi ya maji ya chumvi: mwaka ulipofika hapakuwa na tofauti ya maana, si kwa maumivu wala kwa gegedu. Wekeni hela yenu kwenye nauli ya fizio.

Nilianza kuandika nikitaka kusema sichomwi tena maishani. Sasa nasita. Goti likijaa maji paja hujizima lenyewe, hata ukilazimisha halikazi, na hapo kila zoezi ni mateso matupu. Sindano moja wakati huo, maji yakishatolewa, sukari ikiwa imetulia, na fizio ikiwa imepangwa kuanza wiki inayofuata ili zile wiki tano za nafuu zitumike kujenga paja, ningeikubali leo hii. Ila kwa daktari mwingine. Daftari langu la sukari nitaliweka mezani kwake mwenyewe, lifunguliwe, na kitandani sipandi mpaka alisome.