Nilivyojitolea kwa utafiti wa hisia na fikra mjini Kampala

Mwezi uliopita nilijitolea kushiriki utafiti wa saikolojia unaochunguza namna hali ya moyo inavyogusa fikra, katika ofisi moja iliyo mwendo mfupi kutoka Wandegeya. Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye duka la fotokopi, na kasoro ya kwanza ilikuwa hapo hapo: kiasi cha fedha kilikuwa na herufi nene kuliko maelezo ya utafiti wenyewe. Ndiyo maana foleni niliyoikuta asubuhi ilijaa watu wanaoulizana watalipwa saa ngapi, ilhali zile shilingi 20,000 zilikuwa nauli na fidia ya muda, si ujira.

Mapokezi, kwa upande wake, yalistahili sifa. Binti aliyenihudumia alinikaribisha, "Karibu mzee wangu, keti," akanisomea fomu ya ridhaa yote bila haraka, kisha akaniomba nimweleze kwa maneno yangu nilichokielewa. Nilipoisahau haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa nauli, aliirudia aya hiyo. Nilipewa nakala yenye namba za simu za kamati ya maadili na za Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ili mwenye malalamiko asilazimike kuyapeleka kwa watafiti wale wale.

Kilichoniudhi ni Kiswahili cha dodoso. Walitumia PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona (huzuni kali ya kudumu), yaani maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Swali la pili lilifasiriwa neno kwa neno likawa "kujisikia chini". Nikamuuliza, "Chini wapi, binti yangu?" Akacheka, akakiri kwamba wengi huuliza hivyo hivyo. Kama wengi huuliza, mbona halijarekebishwa? Tuna kusononeka, tuna kuvunjika moyo. Tena somo hili liko hapa hapa nchini: tiba ya vikundi dhidi ya sonona ilipojaribiwa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watafiti walitumia maneno ya wenyeji, likiwemo la Kiganda "okwekyawa", kujichukia. Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, liliulizwa kwa staha, na mshauri alikuwa chumba cha pili.

Baadaye niliketishwa mbele ya kompyuta kwa jaribio la Stroop, la tangu mwaka 1935: neno "nyekundu" linaandikwa kwa rangi ya kijani, nawe unapaswa kuitaja rangi na kulipuuza neno. Nililimaliza upesi mno, na sidhani ni kwa werevu. Jaribio hilo hutegemea mazoea ya kusoma, maana neno humvuta msomaji na kumchelewesha kuitaja rangi, na wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Uganda shuleni tulisomea Kiingereza, kwa hiyo neno la Kiswahili halimvuti msomaji kwa nguvu ile ile. Natumaini wamelizingatia jambo hilo katika hesabu zao.

Nauli nililipwa papo hapo, taslimu, nikatia sahihi. Anayekusudia kwenda ale kwanza, kwa kuwa dakika 45 zilizotangazwa ziligeuka saa mbili, na hata chai haikuwapo.