Rupia ya fedha au heller 20 ya Tabora?

Kwa mkusanyaji wa sarafu zilizochakaa za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako heller ilikuwa senti ya rupia, bei inaibeba heller 20 ya 1916. Ni shaba au shaba ya njano, na iliyolika haimalizi mfuko. Rupia 2 za 1893 na 1894 ni adimu kweli. Hata mbovu zina wenyewe.

Kupima daraja, yaani sarafu imechakaa kiasi gani, ndiko kwenye kazi. Rupia ilipigwa Ujerumani kwa mashine nzuri, hivyo ukiona kofia ya Kaisari imelainika, huo ni uchakavu. Ya Tabora ilipigwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika karakana ya reli, na chapa mara nyingi ni hafifu tangu siku ya kwanza. Tazama kama uso uliobaki bado una mng'ao wa chuma kipya. Ukiwapo, usiiite chakavu.

Rupia pia zilivaliwa kama mapambo: kagua ukingoni alama za risasi ya kulehemu au tundu lililozibwa. Faida ya rupia ni mizani: rupia 1 ina gramu 11.66, na ghushi nyingi huumbuka hapo.

Utunzaji? Zote, usisugue.

Mwenye mizani na akiba achukue rupia. Anayependa historia ya vita na ana jicho la subira, Tabora.