Mafunzo ya mawasiliano ya tamaduni kwa wahudumu wa wazee: siku ya kwanza usingizi, siku ya pili ningelipa kwa mfuko wangu

Huu ni mwaka wangu wa 9 kwenye nyumba ya kulea wazee, zaidi zamu ya usiku. Nilipoambiwa nimepangiwa siku mbili za mafunzo ya mawasiliano kati ya watu wa tamaduni mbalimbali, swali langu la kwanza lilikuwa kama saa hizo zinalipwa. Zinalipwa. La pili: meneja naye anakuja? Hakuja.

Mkufunzi ni muuguzi mstaafu, mcheshi, ana tabia ya kucheka kabla hajamaliza utani wake. Alianza na wazo la unyenyekevu wa kitamaduni, lililotolewa mwaka 1998 na madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García. Kwamba huwezi kuhitimu utamaduni wa mtu kama unavyohitimu udereva. Utabaki mwanafunzi, na mwalimu wako ni huyo huyo unayemhudumia. Nikasema moyoni, haya, leo tumepata. Slaidi iliyofuata ikawa jedwali: jamii hii hawamtazami mtu machoni, ile hawapendi kuguswa, wale hawasemi wakiumwa. Mwenzangu aliyekaa kulia kwangu akajikuta mstari wa tatu. Akaninong'oneza, "Mimi nikiumwa jino, majirani wote wanajua." Meza nzima ikaangua kicheko, mkufunzi akadhani somo limenoga.

Jedwali hilo limo pia kwenye kitini. Likikufikia, lichane. Nina wazee wawili walioletwa na ukoo mmoja, ndugu wa damu. Mmoja ukimshika mkono anatulia, mwingine anakutazama kama umemwibia.

Kilichoiokoa siku hiyo ni nusu saa ya kuomba radhi. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno "pole", nalo halina kosa ndani yake. Mtu akijikwaa nikiwa ng'ambo ya chumba namwambia pole, na hakuna anayeuliza nilimsukuma saa ngapi. Lugha ya kazini kwetu haina neno la namna hiyo. Bibi mmoja aliteleza akitoka kitandani, nikatoa neno la kuomba radhi la lugha ile, kwa sababu kichwani nilikuwa nasema pole. Binti yake alikuwa mlangoni. Yeye alisikia mtu akikiri kosa, na nikaandika maelezo kurasa mbili. Nilipokisimulia kisa hicho, mkufunzi hakucheka. Alitufanyisha mazoezi ya kutaja tunachokiona kwanza: "Naona umeumia. Niko hapa." Ni maneno ya kawaida kabisa, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amenipa.

Siku ya pili ilianzia kwenye kiti cha magurudumu. Unakalishwa, unazibwa masikio kwa pamba, unavishwa miwani iliyopakwa mafuta. Anakuja mwenzako anayezungumza lugha usiyoijua hata neno moja, anakuhudumia haraka haraka kama tunavyofanya asubuhi vyumba vikiwa vingi. Kwangu alitokea upande wa kushoto. Nilisikia mvumo wa sauti, halafu kitambaa cha maji usoni. Sikufikiri, nilimkamata kifundo cha mkono nikambana. Alipiga kelele kidogo. Nilipovua miwani nikaona alama za vidole vyangu kwenye ngozi yake, na nikakumbuka ni mara ngapi nimeandika kwenye daftari la zamu: "Mkali. Amegoma kuogeshwa."

Zoezi hilo lilichukua saa moja na nusu, nami ningeongeza nyingine.

Baada yake kila kitu kilipata maana. Mzee mwenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani, akarudi kwenye ya utotoni. Jana mlielewana, leo unaongea na mtu asiyekuelewa, na wewe unadhani amekasirika. Tulipewa kazi ya kukusanya kutoka kwa familia maneno 10 tu ya lugha ya kwanza ya kila mzee (maji, choo, maumivu, baridi, taratibu na kadhalika) na kuyaandika yanavyotamkwa, tusijali tahajia. Pia tuache kuwasemesha wazee kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Hilo limenigusa, maana mimi ni bingwa wa hiyo sauti.

Kwenye somo la maumivu mkufunzi alipita haraka mno. Alitugawia kipimo cha maumivu kiitwacho PAINAD, cha mwaka 2003, kinachoangalia mambo matano: pumzi, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anafarijika. Kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Kipimo kizuri, ila yeye alisema tukitumie kwa yeyote tusiyeelewana naye lugha. Hapana. Kilitengenezwa kwa watu ambao demensia imewafikisha pabaya. Mzee mwenye akili timamu anayezungumza lugha nyingine anaweza kuonyesha kidole mahali panapouma, au kuletewa mkalimani. Kumpa alama kwa kumtazama uso ni kumnyang'anya sauti aliyonayo.

Kuhusu wakalimani alikuwa imara: mjukuu asitumiwe kutafsiri habari za ugonjwa, kaa ukimtazama mzee na si mkalimani, sema "unaumwa wapi" na si "muulize anaumwa wapi". Kisha mwambie mzee akurudishie maelezo yako kwa maneno yake, uone yamefika vipi. Niliuliza saa 9 usiku mkalimani natoa wapi. Akasema kwa simu. Nani amelipia hiyo huduma? Akasema nimuulize meneja. Mnaona sasa kwa nini nilitaka awepo.

Na kuna pengo moja ambalo silisamehi. Siku mbili nzima tulifundishwa kumheshimu mzee wa utamaduni mwingine, lakini mzee anayemfukuza mhudumu kwa rangi ya ngozi au lafudhi yake alipewa sentensi moja: msiyaweke moyoni. Chumbani tulikuwa 18, na zaidi ya nusu tulitazamana. Tulitaka kujua nani anaitwa, nani anabadilishana chumba na nani, na kama inaandikwa popote.

Natoa nyota tatu na nusu. Mwajiri wako akikupa nafasi ya siku moja tu, chagua ya pili, uvae nguo usiyoihurumia maji.

Mwezi umepita. Maneno 10 yamebandikwa kwenye vyumba vinne, vingine bado tunasubiri familia. Kwenye daftari tumekubaliana, sisi wa usiku, kuacha neno "amegoma" na kuandika kilichotokea: "Amenikamata mkono nilipogusa bega la kushoto." Wiki iliyopita muuguzi wa mchana alikuta mistari mitatu ya namna hiyo kuhusu mzee mmoja, usiku tatu mfululizo, akamwita daktari aliangalie bega.