Ajira ya ofisini au kazi ya mlimani: nani anaweza kuamka tu akaenda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka?

Machalii wa Arusha na Moshi tuongee hili. Mwenye ajira ya ofisini nauli ya mpaka Boma Ng'ombe na bodaboda ya kuingia Chemka anayo, hata tarehe 20 akiishiwa atakopesheka maana mshahara wake unajulikana, ila mpigie Jumatano asubuhi umwambie twende tukaogelee uone anavyoguna, ruhusa inaombwa mapema na likizo ya kisheria ni siku 28 kwa mwaka, nazo nyingi zinaishia Desemba ya kwenda nyumbani.

Sasa chukua anayepandisha wageni Kilimanjaro. Juni mpaka Oktoba hela inaingia lakini mtu yuko juu, njia ya Marangu peke yake siku 5 au 6, akishuka anaoga analala simu inaita anapanda tena. Aprili na Mei mvua inapiga, wageni wachache, muda anao mpaka unamchosha, na hapo ndo watu wanasema yuko huru! Uhuru gani jamani wakati mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita?

Mimi bado kura yangu nampa wa mlimani, ila kila akishuka atenge kitu cha Aprili kabla hajakutana na washkaji. Wa ofisini hata awe na akiba nene Jumatano bado ni ya bosi. Ila kama una watoto shule ya kulipia, anayebaki ofisini namwelewa kabisa.