Lishogi: nilidhani 1700 yangu ya chesi ingenibeba

Miezi mitatu sasa nacheza shogi, sataranji ya Wajapani, kwenye Lishogi, tovuti ya kuichezea mtandaoni. Nachezea simu, jioni nikishafunga duka hapa Mwanga, Kigoma. Ni bure, na herufi za kwenye kete zikikushinda unaweka za picha.

Nilitaka kujua kitu kimoja: 1700 yangu ya Lichess, yaani alama za kiwango changu kwenye tovuti ya chesi, ni sawa na ngapi huku? Kote unaanzia 1500, hesabu ya kupandisha na kushusha alama ni ileile, Glicko-2, nikajiona mkali tayari. Wiki ya kwanza nikaporomoka hadi 1080! Kumbe namba zinafanana sura tu. Kila moja inakupima na watu wa kijiwe chake. Hata Habu Yoshiharu, aliyeshika mataji yote saba ya shogi mwaka 1996, kwenye chesi alivuka alama 2400 za FIDE, shirikisho la chesi duniani, basi. Wajapani wenyewe hupimana kwa kyu na dan, yaani madaraja ya chini na ya juu, na mkubwa akikutana na mdogo huweza kuanza bila ngome yake.

Kinachonimaliza ni kete zilizoliwa. Aliyekula anaipanda upya ubaoni ikiwa kete yake, karibu popote penye nafasi. Nabadilishana kete kichesi-chesi, mara kete yangu mwenyewe inamkaba mfalme wangu. Mzee mmoja wa bao pale Ujiji nilipomweleza alicheka: "Sasa kete itoke iende wapi?"

Saa zangu ndizo mbaya. Saa moja jioni yetu, Tokyo ni saa saba usiku, wapinzani wengi wamelala. Kwa hiyo siku hizi nacheza zaidi Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa. Juzi nimegusa 1215.