Dawa ya Kupulizia Madoa: Uzoefu Wangu na Nguo za Familia Hapa Dodoma

Dawa ninayoielezea hapa ni ile ya maji inayouzwa katika chupa ya plastiki yenye kichwa cha kupulizia, ambayo hunyunyizwa juu ya doa kabla nguo haijaingia kwenye beseni la kufulia. Niliinunua katika duka moja karibu na soko la Majengo, chupa ya mililita 500 kwa shilingi 12,000, bei ambayo kwa familia inayofua kwa mikono na sabuni ya mche si ndogo hata kidogo, na ndiyo maana nimeona ni haki kuieleza kwa kirefu kabla mwenzangu hajafungua pochi. Dawa za namna hii zinatengenezwa na kampuni kadhaa na viambato vyake vinakaribiana sana, kwa hiyo sitashughulika na jina bali na kilichoandikwa nyuma ya chupa. Hii yangu ilikuwa na alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, haikuwa na klorini, na iliorodhesha viambato vya sabuni pamoja na vimeng'enya vya aina tatu: cha kuvunja protini, cha kuvunja wanga na cha kuvunja mafuta. Ukiona orodha kama hiyo, mengi ya haya niliyoyaona yatakuhusu hata kama chupa yako ni ya rangi nyingine.

Tunaishi Nkuhungu. Katika kapu letu la nguo chafu kuna mashati meupe ya shule ya msingi, nguo za mtoto anayejifunza kula uji kwa mkono wake, mashati ya ofisini, na nguo za shambani za mume wangu, ambaye analima zabibu Hombolo. Sikutengeneza madoa kwa ajili ya kujaribu dawa. Nilichukua yaliyokuja yenyewe, na kila ilipowezekana nilipulizia upande mmoja wa kola au wa pindo na kuuacha upande wa pili ufuliwe kwa sabuni ya kawaida, ili tofauti ionekane kwenye nguo ileile.

Nianze na kola, kwa sababu hapo ndipo pesa yangu ilirudi. Shati jeupe la mtoto likivaliwa kutwa hupata mstari wa kahawia kwenye mkunjo wa kola, mwembamba na wenye kung'aa kidogo ukiutazama kwenye mwanga. Mstari huo si vumbi peke yake; ni mafuta ya mwili, jasho na chembe za ngozi iliyokufa, ambavyo hulinasa vumbi na kulishikiza kwenye nyuzi. Sabuni ya mche huuondoa nusu tu, kisha anayefua hulazimika kufikicha kwa nguvu, na kola huanza kutoa nyuzi kabla muhula haujaisha. Nilipoipulizia kola ikiwa na unyevu, nikaipa muda na kuipitishia mswaki laini wa zamani, povu lilitoka na rangi ya chai ya maziwa likiteremka kutoka kwenye mkunjo, bila mkono kutumia nguvu yoyote. Upande ambao haukupuliziwa ulibaki na kivuli cha njano hata baada ya kuanikwa. Tofauti hiyo iliniridhisha kabisa, na imejirudia kwa kila shati nililojaribu.

Sababu yake ni kwamba kimeng'enya hukikata kile kinachoshikilia uchafu vipande vidogo vinavyoweza kubebwa na maji, badala ya kukisugua kitoke kizima. Wazo hili si jipya: mwaka 1913 mkemia wa Kijerumani Otto Röhm alisajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutumia vimeng'enya vya kongosho katika ufuaji wa nguo. Lakini kimeng'enya kina masharti. Kinataka maji ili kifanye kazi, kinataka muda, na kinapenda uvuguvugu. Maji ya moto sana hukiharibu. Masharti mawili ya kwanza ndiyo yanayogongana na hali ya hewa yetu, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa Dodoma alijue kabla ya kuilaumu dawa.

Maelekezo ya chupa yanasema upulizie, usubiri dakika chache, kisha ufue. Maelekezo hayo yanadhani kwamba nguo itabaki na unyevu muda wote huo. Sisi tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nyanda kavu zinazopata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na kati ya Juni na Septemba upepo mkavu huvuma karibu kutwa nzima. Shati la pamba nyepesi likipuliziwa uani saa tano asubuhi hukauka kabla ya dawa kupenya, na ukilishika unaona ukingo mgumu, mweupeupe, ambapo dawa imekauka juu ya doa. Kimeng'enya hakifanyi kazi kikiwa kikavu. Mwenye kufua huona doa limebaki palepale na husema ameuziwa maji ya rangi, kumbe dawa haikupewa nafasi.

Utaratibu ulionifaa ni huu. Nguo ninailowesha kwanza kwa maji safi na kuikamua, kisha naipulizia nikiwa kivulini, ndani au kwenye baraza, naikunja ili doa liangalie ndani, na kuiweka katika beseni lililofunikwa au katika mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo. Hapo hata ikikaa nusu saa inabaki na unyevu wake. Kwa nguo nyeupe za pamba sina wasiwasi ikikaa zaidi, ila za rangi siziachi muda mrefu. Tangu nilipoanza kufanya hivyo dawa hiyohiyo, kwenye madoa ya aina ileile, imekuwa ikifanya kazi kwa kiwango ambacho jua la uani halikuiruhusu.

Jambo la pili la kwetu ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visimani, hasa kwenye bonde la Makutupora upande wa Mzakwe, na kila mwenye birika anaujua ukoko mweupe unaoota ndani yake. Madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo kwenye maji hayo huungana na sabuni ya mche na kutengeneza utando wa kijivu usioyeyuka, ambao hukaa juu ya nguo na kushika uchafu mpya. Kwa hiyo nguo iliyosafishwa vizuri kwa dawa inaweza kufifia tena kwenye maji ya kusuuzia. Niligundua kwamba baada ya kupulizia ni bora kufua kwa sabuni ya unga, ambayo haizidiwi na maji haya kwa urahisi kama sabuni ya mche, na kusuuza mara moja zaidi ya kawaida. Katika msimu wa mvua nilikinga maji ya paa kwenye ndoo na kuyatumia kwa mashati meupe peke yake, na weupe ulikuwa wa kiwango kingine kabisa. Ni kweli kwamba kusuuza zaidi ni gharama kwa anayetegemea maji ya mgao au ya kununua kwa dumu, na gharama hiyo lazima ihesabiwe pamoja na bei ya chupa.

Madoa ya chakula cha mtoto hayahitaji maneno mengi. Uji wa ulezi na maziwa, yai, mchuzi wa nyama na mafuta ya alizeti yote yalitoka, mengine bila hata mswaki. Damu ya goti lililochubuka ilitoka pia, kwa sharti kwamba maji ya kwanza yawe ya baridi, kwa maana joto huigandisha protini kwenye nyuzi na baada ya hapo kazi huwa ngumu zaidi. Makwapa ya mashati ya ofisini yalikuwa katikati: njano mpya ilipungua sana, ile ya zamani iliyokwisha kupigwa pasi mara nyingi ilipungua kidogo tu. Wanaotumia klorini kwenye makwapa ya namna hiyo wafahamu kwamba mara nyingi klorini huongeza unjano badala ya kuuondoa.

Zabibu ni habari nyingine, na kwa kuwa mkoa wetu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nimeipa uzito wake. Kwenye shati la mume wangu kulikuwa na doa la zabibu nyekundu ukubwa wa kiganja, la zambarau iliyokolea. Nilipolipaka sabuni ya mche, doa halikupauka; liligeuka rangi mbele ya macho yangu, kutoka zambarau kwenda buluu yenye ukijivu, likaonekana baya kuliko mwanzo. Rangi ya zabibu ina tabia hiyo: ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, kama sabuni, huelekea buluu, na ikikutana na uchachu hurudi kwenye wekundu. Vimeng'enya vya kwenye chupa havina chakula hapo, kwa kuwa doa hilo si protini, wala wanga, wala mafuta. Dawa ililipunguza kidogo kwa nguvu ya viambato vyake vya sabuni, basi. Kilichofanya kazi ni kulisuuza kwa maji baridi mengi likiwa bichi, kulikamulia ndimu, kulisuuza tena, na kwa nguo nyeupe kumalizia kwa kuiloweka katika unga wa kung'arishia unaotumia oksijeni. Mwenye shamba la zabibu asinunue dawa hii kwa ajili ya zabibu.

Manjano ya kwenye pilau na mchuzi nayo yaliishinda. Yalipoguswa na sabuni yaligeuka wekundu wa tofali, jambo linaloweza kumtisha asiyelijua, lakini yalipoanikwa kwenye jua kali yalififia yenyewe. Katika jambo hili jua la Dodoma linatusaidia, ingawa kwa nguo ya rangi linaweza kuipausha nguo pia. Utomvu wa ndizi mbichi ukishakuwa mweusi haukutikisika. Kutu iliyoachwa na waya wa kuanikia haikutikisika pia, kwa kuwa kutu ni madini ya chuma na huhitaji uchachu, kwa mfano ndimu na chumvi, wala si vimeng'enya. Vumbi jekundu tupu, yaani lile la kiatu na magoti ya suruali lisilo na mafuta, halihitaji dawa hata kidogo: ukilipulizia likiwa kavu unalifanya tope na kuliingiza ndani zaidi ya nyuzi. Nguo iachwe ikauke, ikung'utwe, ipigwe brashi, ndipo ifikiwe na maji.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akinitazama kwa makini muda wote huo, aliniambia, "Mwanangu, hayo mashati puliza utakavyo, ila kanga zangu zisiguswe." Nilimjibu, "Nimekusikia mama, kanga zako hazitaguswa mpaka nijaribu kwenye upindo wa yangu." Alikuwa na haki ya kuhofu. Kitenge changu kimoja chenye rangi nyekundu iliyokolea kilichuja nilipokibana kwa kitambaa cheupe chenye dawa kwenye pindo la ndani, na hicho sikukipulizia tena. Vingine vilivumilia vizuri. Jaribio hilo la pindo halichukui muda na ningeomba kila mtu alifanye kwa kila kitambaa cha rangi, hasa kipya. Hariri na sufu visiguswe kabisa, kwa kuwa vyenyewe ni protini na kimeng'enya hakichagui kati ya doa na nguo.

Nina malalamiko mawili kuhusu chupa yenyewe. Kichwa cha kupulizia kilianza kukwama dawa ilipofika chini ya nusu, ikanibidi nikioshe kwa maji ya uvuguvugu mara kwa mara, na maelekezo ya nyuma yalichapishwa kwa herufi ndogo mno kiasi kwamba onyo la kutoivuta puani halionekani kirahisi. Onyo hilo ni la maana, kwa sababu matone madogo yenye vimeng'enya huweza kuwasha njia ya hewa, na kwenye upepo wetu hufika mbali na nguo. Watoto wakae kando, na chupa ishushwe karibu kabisa na kitambaa. Jambo zito zaidi ni la kuchanganya. Dawa hizi zisiwekwe pamoja na ya klorini katika beseni moja, na ndimu au siki isikutane kamwe na klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Katika nyumba ambazo anayefua ni dada wa kazi na chupa zote zinakaa pembe moja, aelezwe kwa mdomo, wala lebo pekee isitegemewe.

Kuhusu gharama, dawa huisha upesi mno ikipuliziwa nguo nzima, na hudumu ikielekezwa kwenye doa tu. Mimi sasa naminya kidogo kwenye kifuniko na kuipaka kola kwa mswaki, njia inayopunguza pia ukungu unaopeperuka. Chupa ya pili nimeshainunua, na nimeitengea kola za mashati ya shule, makwapa ya mashati ya ofisini na bibu za mtoto. Kwa shilingi 12,000, matumizi hayo matatu yanatosha kuihalalisha katika nyumba yenye watoto wa shule. Nyumba isiyo na watoto, ambayo madoa yake makubwa ni vumbi na mchuzi wa siku moja moja, ingefaidika zaidi kwa kununua sabuni ya unga nzuri na ndoo kubwa ya kukingia maji ya mvua.